Pua ya miezi minne bado haijatulia

Wiki iliyopita kaja dada mmoja kliniki, kafanyiwa operesheni ya pua miezi 4 nyuma kwa daktari mwingine, hata hajakaa vizuri ameshatoa simu ananionyesha picha. "Daktari, angalia hii ncha imekuwa kama kitunguu, nirekebishie basi kabla ya harusi yangu." Nikaibonyeza kwa kidole, ikabonyea polepole ikaacha kishimo. Huo ni uvimbe bado. Nikamwambia hapana, na najua ilimuuma.

Kwa pua mimi nasubiri angalau mwaka 1 kamili kabla ya kurudia operesheni, na kwa ngozi nene, ambayo wengi wetu huku tunayo, hata miezi 18 mpaka 24. Uvimbe mwingi unatoka wiki za mwanzo ndo maana mtu anadhani kashapona, ila ule wa kwenye ncha ndo wa mwisho kabisa kuondoka, asubuhi pua nene jioni afadhali, na huko ndani kovu bado linajengwa, mwili unarusha kolajeni (protini inayojenga kovu) harakaharaka kwanza ili kuziba halafu taratibu unaibadilisha na kuipanga upya, kazi ya mwaka na zaidi. Ukipasua kipindi hicho damu zinatoka kweli, tishu zimeshikana, huoni kovu linaishia wapi na gegedu, ile kama mfupa laini wa pua, inaanzia wapi, na ngozi yenyewe haijapata damu ya kutosha, sasa ikifa pale kwenye ncha hakuna daktari wa kukurudishia ilivyokuwa.

Halafu kuna suala la gegedu, hili watu hawaambiwi. Operesheni ya kwanza mara nyingi inakuwa imeshachukua ile ya ukuta wa katikati ya pua, kwa hiyo ya pili inabidi tukachukue sikioni au kwenye ubavu. Siwezi kuichoma hiyo akiba kwa umbo ambalo bado linahama.

Kope zinapona mapema, miezi 3 hadi 6 inatosha, kuvuta ngozi ya uso 6 hadi 12. Fila za asidi ya hayaluroniki, yaani jeli za kujaza zinazochomwa chini ya ngozi, ni habari nyingine, zile zinayeyushwa kwa sindano bila kungoja hivyo.

Ila kuna vitu havisubiri hata kesho jamani: damu imejaa ndani ya pua mpaka imeziba, usaha, homa, ngozi inageuka nyeusi, jicho halifungi linakauka. Hapo rudi siku hiyohiyo, hata usiku.

Na daktari akikubali kurudia mwezi wa 3 kisa tu ncha bado nene na hela unayo, mimi nakuomba uondoke pale.

Yule dada nimemchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kidogo sana, juu ya ncha tu, maana ikizidi inakula ngozi. Nikamfundisha kubandika plasta usiku, na kila mwezi ajipige picha dirisha lilelile, mbele na pembeni. Alilia kidogo. Akauliza kama mekapu inaruhusiwa siku ya harusi, nikamwambia inaruhusiwa kabisa, ila miwani mizito isikae juu ya pua.