Redio ya umma inayomilikiwa na chuo kikuu: maana na asili yake

Redio ya umma ya chuo kikuu ni kituo ambacho leseni yake imo mikononi mwa chuo, lakini matangazo yake yamekusudiwa kwa kila mtu anayeishi ndani ya masafa yake, awe msomi au asiwe. Chuo ndicho mmiliki, na umma ndio wenye haki ya kuhudumiwa. Hapa Tanga, ambako tumezoea redio ya taifa, redio za biashara na redio ya jamii kama Pangani FM, ni rahisi kudhani kwamba redio ya chuo ni redio ya jamii kwa jina jingine. Sivyo. Redio ya jamii huongozwa na wakazi wenyewe. Redio ya chuo huwajibika kwa uongozi wa chuo, na mtaji wake mkubwa ni wataalamu wa kilimo, bahari, afya na sheria ambao tayari wako kazini.

Asili yake inaonekana vizuri katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani. Huko, Profesa Earle Terry wa idara ya fizikia aliendesha na wanafunzi wake kituo cha majaribio kilichoitwa 9XM, ambacho mwaka 1916 kilianza kutuma taarifa za hali ya hewa kwa alama za Morse, yaani milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi. Sauti ya binadamu ilifuata baadaye, na mwaka 1922 kituo kikapewa jina la WHA. Ni muhimu kuona kwamba huduma yake ya kwanza ya kudumu ilikuwa utabiri wa hali ya hewa, jambo ambalo mkulima alilihitaji kabla ya kuamua avune lini. Chuo hicho kilikuwa kimekwisha kujiwekea msimamo kwamba mipaka yake ni mipaka ya jimbo zima, na redio ikaupa msimamo huo nguvu ya kufika mashambani. Mwaka 1931 WHA ilianzisha masomo ya redio kwa shule, zikiwamo zile za vijijini zilizokuwa na mwalimu mmoja tu.

Vituo vingi vya namna hiyo havikudumu. Katika miaka ya 1920 na 1930 taasisi za elimu za Marekani zilipata leseni zaidi ya 200, lakini nyingi zilipotea kwa ukosefu wa fedha na kwa kusukumwa na vituo vya biashara vilivyoyataka masafa hayohayo. Nafuu ilikuja mwaka 1945, masafa ya FM kati ya megahezi 88 na 92 yalipotengwa kwa vituo visivyo vya biashara, na ikaimarika kwa sheria ya mwaka 1967 iliyoruhusu fedha za serikali kuu kuvisaidia. Mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo lilifuta fedha hizo, na vituo vingi vikabaki kutegemea zaidi michango ya wasikilizaji na vyuo vyenyewe.

Tanzania iliwafungulia mlango watangazaji wasio wa serikali kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani Radio, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina SUA FM mjini Morogoro, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kina redio yake Mwanza. Vituo hivi pia huwafundisha kazi wanafunzi wa uandishi wa habari, na hilo ni jema, ingawa kwa maoni yangu mafunzo peke yake hayatoshi kukifanya kituo kiwe cha umma.

Mkoa wa Tanga unaonyesha kwa nini. Mlingano, wilayani Muheza, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mkonge, na Amani imekuwa kwa miaka mingi mahali pa utafiti wa malaria. Redio ya chuo inayostahili jina la umma ingemleta mtafiti wa namna hiyo studioni, azungumze Kiswahili kinachoeleweka, kisha ifungue simu ili mkulima wa michungwa wa Muheza au mvuvi wa Sahare aulize swali lake na ajibiwe papo hapo. Tena ingewaachia waandishi wake uhuru wa kutangaza habari za chuo chenyewe, hata zile ambazo uongozi usingependa zisikike.