Feda haishoni sauti iliyochanika

Jumamosi kaja kijana mwingine kutoka Igoma, flashi shingoni. "Kaka, nimerekodi nyumbani, kiitikio kinakwaruza kidogo, ila si utashusha feda kwenye miksi?" Huyo wa tatu mwezi huu kuja studio na ombi la feda, ile swichi ya kuteleza inayopandisha na kushusha sauti. Nikafungua faili, nikalikuza wimbi. Kila alipopandisha sauti, kilele kimekatwa bapa kama meza ya kuparia sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Mwanza. Nikaishusha feda mbele yake mpaka karibu na chini kabisa. Ikawa inakwaruza kwa sauti ndogo.

Samaki akishakatwa kichwa, hata umsogeze mbali, kichwa hakirudi.

Intafesi, kile kisanduku kati ya maiki na kompyuta, inageuza umeme wa maiki kuwa namba, na kwa kipimo cha desibeli namba ya juu kabisa ni sifuri; zilizo chini yake zote ni hasi. Kinachozidi hapo kinaandikwa sifuri ileile, kwa hiyo kile kilele hakikurekodiwa popote. Zipo plagini (programu ndogo za nyongeza) za kukikisia. Kwa mpasuko mfupi zinanisaidia. Kwa kiitikio kizima zinabuni tu.

Wengine huuliza: "Nikirekodi chini si kelele zitaingia?" Hofu ya enzi za biti 16 hiyo (biti za namba, si biti za ngoma). Rekodi kwa biti 24, vilele vicheze kwenye desibeli -12 mpaka -10. Kelele utakayoisikia ni ya feni yako, si ya biti.

Anayenichosha kuliko wote ni yule aliyesoma nusu. "Programu za siku hizi ni biti 32 za floti, haziklipu." Kweli, humo ndani: namba za floti zinaweza kupita sifuri bila kilele kukatwa, yaani kuklipu. Chaneli ikifika +6, ukaishusha kwenye masta (feda ya mwisho ya wimbo mzima), wimbi linatoka zima. Taa nyekundu ya chaneli mara nyingi ni kelele za bure. Taa ya intafesi ni habari nyingine kabisa! Vokali iliyochanikia mlangoni, kwenye intafesi, inaingia kwenye floti imeshachanika, na floti inakutunzia huo mchaniko kwa uaminifu wote. Halafu ukitoa faili la wav la biti 24 masta ikiwa juu ya sifuri, unakata upya. Tena kuna plagini zinazoiga mashine za zamani: nyingi zimepangwa kwa -18, ukizilisha kali zinakoroma na hakuna taa inayowaka.

Biti ya ngoma ya kupakua mtandaoni imeshabanwa mpaka sifuri. Ishushe desibeli 6 au 8 kabla ya kuweka vokali. Limita (plagini inayozuia vilele visipite dari) iwe mwisho, dari -1, maana ukigeuza kuwa mp3 vilele huongezeka. Basi.

Na mimi si mtakatifu. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, naikata vilele makusudi, desibeli 2 au 3, inakuja nzito. Usiku naipenda; asubuhi nikiisikiliza kwenye spika ya bajaji, siku nyingine naifuta yote. Kipimo cha hapo sina, ni sikio tu, na sikio la saa nane usiku silidhamini.

Kijana nikamrudisha kwenye maiki, geini (nguvu ya maiki pale kwenye intafesi) chini, akaimba kiitikio mara tatu. Ya pili ndiyo iliyotulia. Ya tatu mvua ilishaanza kupiga mabati.