Hata Don Bosco alifunzwa

Jumapili, baada ya misa ya pili, halmashauri ya walei imekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa. Mwenyekiti anasema mlezi wa vijana amehamishwa kikazi, nani atashika nafasi yake? Watu wanaangalia chini. Mama mmoja anamwelekezea kidole mwalimu kijana aliyekaa karibu na mlango: "Si huyu hapa? Anapenda kuimba na vijana." Makofi. Haijapita dakika tano, parokia imeshapata mlezi.

Kazi yangu ni kuwaandaa walezi wa vijana katika parokia zetu, na wengi wanaonifikia wameteuliwa hivyo hivyo. Siwalaumu. Moyo wanao, tena mkubwa. Ninachogombana nacho ni imani kwamba moyo unatosha. Katekista tunampeleka chuo, mpiga kinanda tunamtafutia mwalimu, ila mlezi wa vijana tunamkabidhi funguo za ukumbi na kumwambia Mungu atamwongoza.

Nikisema hivyo, mtu huniuliza: "Don Bosco alisomea wapi?" Swali zuri, kwa sababu lina jibu. Yohane Bosco, mtakatifu wa Italia anayejulikana kwa kulea vijana maskini, alipata upadre Juni 1841. Novemba ya mwaka huo hakukimbilia parokia. Aliingia katika nyumba ya malezi ya mapadre vijana mjini Torino, akakaa humo mpaka 1844. Mlezi wake, Padre Yosefu Cafasso, alimpeleka kwenye magereza ya mji. Humo aliwaona vijana wadogo wamefungwa, wakitoka wanarudi tena, kwa kuwa nje hawakuwa na mtu. Kwa hiyo tarehe 8 Desemba 1841, mtunza sakristia alipomfukuza kijana mwashi kwa fimbo ya kufutia vumbi kwa sababu hakujua kutumikia misa, Don Bosco alikuwa ameshaanza kufundishwa kutazama. Aliagiza arudishwe. Akamuuliza kama anajua kusoma, hajui. Kuandika, hajui. Kuimba, hajui. "Kupiga mluzi je?" Kijana, Bartolomeo Garelli, akatabasamu. Hapo ndipo katekesi ilipoanza.

Tazama mpangilio wa maswali yale. Hakuanza na amri za Mungu. Alitafuta kitu kimoja ambacho kijana anakiweza. Watu huita hiyo karama, nami sikatai, lakini ni jambo linaloweza kufundishwa.

Sisi tunalifundisha kwa zoezi ambalo washiriki hulichukia siku ya kwanza. Wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anacheza binti wa kidato cha tatu: "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Nataka kuacha shule." Mwingine ni mlezi, na kwa dakika tano haruhusiwi kutoa ushauri. Anaweza kuuliza, anaweza kunyamaza, basi. Wengi hawafiki hata dakika moja. Wanakatiza: "Mwanangu, shule ni ufunguo wa maisha, sali sana." Binti hajasema bado kwamba nauli ya kwenda shule anapewa na mwendesha bodaboda, na kwamba hapewi bure. Angelisema dakika ya nne.

Baada ya kusikiliza tunaingia kwenye mbinu. Kama umepitia TYCS au VIWAWA, vyama vya wanafunzi na vijana Wakatoliki, unaijua: Ona, Amua, Tenda. Tunaiimba kama kibwagizo, na mara nyingi tunasahau ilikotoka. Joseph Cardijn, Mbelgiji aliyekuja kuwa padre, alirudi nyumbani kutoka seminari ndogo akakuta rafiki zake wa utotoni, waliokwenda viwandani, wameliacha Kanisa na wanamtazama yeye kama mtu wa upande wa mabosi. Mwaka 1925 harakati yake ya vijana wafanyakazi, iliyotumia mbinu hiyo, ilianza rasmi, na mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliitaja mbinu hiyo katika waraka wake wa kijamii, Mater et Magistra. Kosa letu la kila siku ni kuruka "Ona". Kikundi kinakaa, kinaamua kufanya semina ya madawa ya kulevya kwa sababu parokia jirani imefanya, wakati shida ya vijana wa hapo ni mikopo ya simu. Kwa hiyo kwenye mafunzo tunampa kila mlezi daftari na wiki mbili: nenda stendi, nenda sokoni, nenda gereji, andika vijana wa parokia yako wanashinda wapi. Usihubiri.

Sehemu ninayoikazia kuliko zote ni mipaka na ulinzi. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wengi tunaowaita "vijana wetu" ni watoto kisheria. Mlezi si muungamishi. Siri ya kitubio ni ya padre, nawe huna haki ya kumwahidi mtoto kwamba "hii itabaki kati yetu". Akikueleza kwamba anaumizwa, unamwambia wazi kuwa utatafuta msaada, kisha unakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au unapiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Kumaliza mambo kifamilia, hata aliyetajwa akiwa mzee wa kanisa, hapana. Papa Fransisko mwaka 2019, katika sheria ya Kanisa iitwayo Vos estis lux mundi, aliwabana mapadre na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa. Mlei asijione amesalimika kwa kuwa hajavaa kanzu.

Mwaka huo huo alitoa wosia kwa vijana uitwao Christus vivit, kufuatia Sinodi ya maaskofu kuhusu vijana ya Oktoba 2018. Namba 246 inaorodhesha sifa za mlezi kama vijana wenyewe walivyozitaja: asikilize, asihukumu, ajue mapungufu yake. Wakaongeza kuwa walezi wasiwekwe juu kama watu wasiokosea. Huwa nawasomea wanafunzi wangu sentensi hiyo mara mbili, maana kwetu mlezi akishapewa kipaza sauti hushuka kwa shida.

Na malipo? Marekani parokia nyingi huajiri mlezi wa vijana kwa mshahara, na maaskofu wa huko mwaka 2005 waliwatakia walei wa namna hiyo malezi ya aina nne: kiutu, kiroho, kiakili na kichungaji. Hapa kwetu sadaka ya kigango haiwezi kulipa mshahara, nami sitadanganya. Lakini parokia inayokodi basi na turubai kwa ajili ya hija haishindwi kumgharimia mtu mmoja wiki mbili za mafunzo kwa mwaka, pamoja na nauli. Ianzie hapo.

Yule mwalimu wa mlangoni alikuja kwetu likizo ya Juni. Aliporudi, kitu cha kwanza alichoiomba halmashauri hakikuwa spika wala jezi. Aliomba fundi akate kidirisha cha kioo kwenye mlango wa ofisi ya vijana. Mzee mmoja akauliza kuna nini cha kuchungulia humo. Ikabidi awaeleze, na kikao kile kilichukua zaidi ya dakika tano.