HBsAg pozitivu, lakini "mimi mzima": maswali yanayorudi kila siku

HBsAg pozitivu maana yake nini?
Kipimo hicho cha damu kimeona virusi vya homa ya ini B: vimo mwilini sasa hivi. Ukipimwa tena baada ya miezi 6 vikawa bado vimo, ugonjwa umeshakuwa sugu.

Na Anti-HBs pozitivu?
Hiyo ni kinga, ya chanjo au ya kuugua ukapona. Ikifika 10 (mIU/mL, kipimo cha wingi wake kwenye damu) inatosha. Soma jina la kipimo kwanza, jibu baadaye. Wapo wanaolizwa na habari njema.

Siumwi popote, macho hayana manjano. Lazima nirudi?
Lazima. Ini linaweza kuliwa miaka 20 na mwenyewe anapanda mikarafuu kila msimu. HBsAg inasema virusi vimo tu, haisemi vimelifanya nini ini. Cheti usikitie kabatini: kipeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, uulizie ALT (kipimo cha damu cha kuona kama ini linaumia), wingi wa virusi na utrasaundi ya ini.

Basi nisubiri dalili kwanza?
Hapana, na tena hapana. Manjano na tumbo kujaa maji ndizo dalili unazozisubiri, na tumbo likishajaa ini huwa limeshakakamaa kwa makovu. Vidonge vya tenofovir huvizuia virusi. Makovu yaliyokomaa hayaondoki kirahisi. Na si kila mtu hupewa vidonge: wengine huambiwa warudi kupimwa kila miezi 6. Basi warudi, hata wakiwa hawaumwi!

Nimeanza mitishamba ya kusafisha ini.
Iache leo. Mizizi iliyochemshwa bila kipimo inaweza kuliumiza zaidi ini lililokwisha kuumwa, na miezi 3 ya kuijaribu ni miezi 3 ya kuchelewa.

Si nichanjwe tu?
Chanjo haimtibu aliyekwisha ambukizwa. Wapimwe mwenzio na watoto. Wasio na virusi wala kinga wachanjwe sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6.

Nitengewe sahani?
Kwa nini? Kuleni sinia moja. Virusi hupita kwa damu, kujamiiana na uzazi. Cha kutenga ni wembe na mswaki, na kwenye hijama hakikisha kiwembe kinafunguliwa kipya mbele yako.

Nina mimba.
Mwambie mkunga sasa, usingoje uchungu. Wingi wa virusi upimwe, maana ukiwa mkubwa utapewa dawa kabla ya kujifungua. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24: wachanga wanaoambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha.