Kisiki ki Hai: Kuurudisha Mti Uliokatwa Shambani

Kabla hujanunua miche, chukua kisu uende shambani. Kwangua gome la kisiki karibu na ardhi. Ukiona ukijani wenye unyevu, mti huo u hai, hata kama uliukuta umekatwa ulipolirithi shamba. Ukikuta ukavu wa kahawia tupu, nenda kisiki kingine.

Mashamba mengi ya Chamwino, Bahi na Kongwa, mkoani Dodoma, yamejaa visiki hivi. Mvua zikianza vinachipua, kiangazi mbuzi wanavitafuna, na shamba likiandaliwa panga linapita tena. Mgunga, mkwaju na mpingo huvumilia hayo kwa miaka mingi kwa sababu mizizi ina chakula kilichohifadhiwa. Ila kila chipukizi linalokatwa kabla halijairudishia mizizi chakula hicho, akiba inapungua. Ndiyo maana kisiki kilichofyekwa mfululizo huchipua vijiti vyembamba zaidi kila mwaka, mpaka siku kinanyamaza.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Mche mchanga una miezi hiyo tu ya kushusha mizizi, kisha unakutana na kiangazi kirefu. Chipukizi la kisiki limekwishavuka mtihani huo, maana linakunywa kwa mizizi ya mti mkubwa.

Kazi ya kuchagua na kupogoa machipukizi naipendelea kiangazi, baada ya mavuno, majani yakiwa yamepukutika na mashina yakionekana vizuri. Chagua machipukizi matatu hadi matano, manene, yaliyonyooka, yaliyotokea chini karibu na ardhi. Mengine kata. Usiache moja tu: mbuzi akilivunja, umerudi mwanzo. Kisha pogoa matawi ya chini ya yale uliyoacha, usipite nusu ya urefu wake. Nimeona mengi yakipogolewa mpaka juu kabisa ili yaonekane nadhifu. Yanabaki kama fimbo zenye kishungi, na upepo wa Agosti unayalaza.

Hapa kwenye kukata ndipo wengi wanaharibu. Ukipiga panga kutoka juu kwenda chini, tawi linaanguka na kuchana gome, na ule mchano unashuka kwenye shina. Jeraha la namna hiyo halizibi upesi, na mchwa wanapata mlango. Noa panga, shika tawi kwa mkono mwingine, kata kutoka chini kwenda juu kwa mshazari ili maji yasituame.

Funga kitambaa cha rangi kwenye shina ulilochagua. Kinamwambia kibarua, mchungaji na mkata kuni kwamba mti huu una mwenyewe. Bila makubaliano na wachungaji wa kijiji, kupogoa kote ni bure, na mabua yasichomwe karibu na visiki.

Kondoa inaonyesha nguvu ya ulinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba zipatazo 1,256. Nyasi na vichaka vikarudi kwenye vilima vilivyokuwa vimechanwa na makorongo, sehemu kubwa bila kupandwa na mtu. Lakini mzigo ule uliwaelemea wafugaji, na baadaye ufugaji wa bandani ndio uliowarudishia ng'ombe. Mimi nauona ulinzi wa kisiki kwa kisiki kuwa rahisi zaidi kwa kaya kuubeba.

Kwenye shamba la mtama au uwele, acha hatua kumi hadi kumi na tano kati ya kisiki na kisiki, ili kivuli kisizidi na jembe la ng'ombe lipite. Rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu kuondoa machipukizi mapya. Baada ya mwaka au miwili, toa shina moja kwa ajili ya fito, kisha jingine la kuni mengine yakinenepa. Kata chini kabisa, kwa mshazari uleule, na uyaache yaliyobaki.