308 na 30-06: kulungu wako hakukimbia kwa sababu ya ganda fupi

Juzi mteja aliniwekea mezani bunduki ya 308, safi kabisa, mtutu wake bado haujapitisha hata risasi mia mbili, akaniomba nimtafutie mnunuzi. Nikamuuliza ina kasoro gani. "Haiangushi," akasema. Alikuwa amempiga kulungu dume umbali wa mita 120. Kulungu akapinda mgongo, akatokomea vichakani, wakamtafuta mpaka giza likaingia. Walimpata kesho yake asubuhi, nyama imeshaharibika. Sasa mteja wangu anataka 30-06, maana hiyo ndiyo "inayoangusha".

Kazi yangu ni kutengeneza bunduki za mawindo na kuzirekebisha shabaha, na sentensi hiyo nimeisikia mpaka nimechoka. Huwa naijibu kwa mdomo, mtu anaitikia kwa kichwa, kisha anakwenda kununua alichokusudia kununua. Leo naijibu kwa maandishi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Nikisema risasi, ni kitu kizima unachokitoa kwenye pakiti. Kichwa ni kile kinachoruka. Ganda ni kile kinachobaki. 308 na 30-06 ni majina ya aina mbili za risasi, na bunduki huitwa kwa jina la risasi inayoipiga. Na kulungu ninaowasema ni wale wa Ulaya na Marekani, wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka: mkia-mweupe, kulungu mwekundu na jamaa zao.

Kichwa cha 308 Winchester na kichwa cha 30-06 Springfield ni kitu kimoja. Kipenyo cha vyote ni milimita 7.82. Unaweza kuchukua kichwa kutoka sanduku moja ukakipachika kwenye ganda lolote kati ya hayo mawili. Wapo wanaoona 308 ni nene kuliko 30 kwa sababu tarakimu ni kubwa, na wapo wanaodhani 06 ni kipimo cha nguvu. Hiyo 06 ni mwaka, 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea risasi hiyo. Kampuni ya Winchester iliileta 308 sokoni mwaka 1952, na kufikia hapo baruti zilikuwa zimeboreka kiasi kwamba ganda la milimita 51 liliweza kufanya karibu kazi yote ya ganda la milimita 63. Sababu ya kulifupisha ilikuwa hiyo tu. Jeshi lilitaka risasi fupi na nyepesi, yenye nguvu ileile kwa vitendo.

Sasa namba, nazipitia haraka. Kichwa cha greini 150 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa) hutoka kwenye 308 kwa takriban mita 860 kwa sekunde, na kwenye 30-06 kwa takriban mita 887. Tofauti ni mita 27, asilimia 3. Rekebisha shabaha za bunduki zote mbili ziwe sawa kwenye mita 200, kisha piga mita 300: kichwa cha 308 kitatua chini ya kile cha 30-06 kwa sentimita 2 hivi. Sehemu ya kifua unayotakiwa kuipiga kwa mkia-mweupe ina upana wa karibu sentimita 20. Au ipime kwa njia nyingine: kichwa cha 30-06 kikishasafiri mita 30 hadi 40 kutoka mdomo wa mtutu, kimeshapungua hadi mwendo ambao cha 308 kilianza nao. Kwa hiyo aliyempiga kulungu mita 100 kwa 308 amempiga kwa nguvu ileile ya aliyempiga mita 135 kwa 30-06. Mbona yule wa mita 135 halalamiki kwamba bunduki yake ni dhaifu?

Kuna na urefu wa mtutu, ambao karibu hakuna anayeuuliza dukani. Kila sentimita 2.5 za mtutu zina thamani ya mita 6 hadi 8 za mwendo kwa sekunde. Mwenye 30-06 ya mtutu wa sentimita 51 na mwenye 308 ya mtutu wa sentimita 61 wanarusha vichwa kwa mwendo unaokaribiana sana. Watu wananunua ganda refu, kisha wanachagua mtutu mfupi kwa sababu unapendeza begani, na ile tofauti waliyoilipia inaishia palepale.

Nikija kwenye hilo neno "kuangusha", hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Risasi haimwangushi kulungu. Haiwezi. Bunduki inakupiga teke begani kwa sababu kile kinachosukumwa mbele kinasukuma nyuma kwa kiasi hichohicho, na kama kichwa kingekuwa na uwezo wa kumrusha mnyama wa kilo 80, bunduki ingekurusha wewe kwanza. Piga hesabu mwenyewe. Kichwa cha greini 150 kina uzito wa gramu 9.7. Kwenye mita 100 kinatembea karibu mita 780 kwa sekunde. Kikizama ndani ya kulungu wa kilo 80 na kubaki humo, msukumo wote kikiuacha kwake, kulungu huyo atasogezwa kwa mwendo wa sentimita 9 au 10 kwa sekunde. Mtoto akimwegemea angemsogeza zaidi. Sasa ongeza zile mita 27 za 30-06, tena uchukulie kwamba zimefika zote bila kupungua njiani: umeongeza milimita 3 kwa sekunde. Huyu bwana anauza bunduki nzuri ili anunue milimita 3.

Kinachomuua kulungu ni damu kuacha kufika kwenye ubongo. Ukitoboa mapafu yote mawili, au moyo, au mishipa mikubwa iliyo juu yake, shinikizo la damu linashuka na mnyama anazimia. Inachukua sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kulungu mwenye hofu anaweza kukimbia mita 50, 80, hata zaidi, akiwa kwa kweli ameshakufa ila miguu haijapata habari. Kinachomfanya aanguke palepale ni uti wa mgongo au ubongo kuguswa. Hizo ni sehemu ndogo, na anayezilenga kwa makusudi mara nyingi humvunja mnyama taya au kumjeruhi shingo akaenda kufa kwa njaa. Simfundishi mtu kulenga kichwani, na sitaanza.

Turudi kwa kulungu wa mteja wangu. Alipinda mgongo. Aliyewahi kuona jambo hilo anajua maana yake: amepigwa tumboni. Aliyepigwa kwenye mapafu kwa kawaida huruka au hutimka kwa kasi, tumbo likiwa karibu na ardhi. Aliyepigwa tumboni hujikunja na kuondoka kwa hatua za maumivu. Nikamuuliza tundu lilikuwa wapi. Akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, nyuma ya mbavu ya mwisho. Pale, hata angekuwa na risasi ya kuwindia nyati, kulungu angeondoka. Na hapo ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu imani ya "risasi inayoangusha" haiishii kwenye kupoteza pesa. Inamfanya mtu apige mnyama aliyekaa vibaya, au aliye mbali mno, akitumaini ukubwa wa ganda utarekebisha kile ambacho jicho na kidole vimekosea. Anayelipa ni mnyama, usiku kucha.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka, nami sitalificha. Nimeona kulungu wawili waliopigwa kwa bunduki moja, risasi za pakiti moja, umbali unaolingana, wote mapafu yamechanika vilevile nilipowafungua. Mmoja alianguka palepale alipokuwa amesimama. Mwingine tulimfuata karibu mita 90. Nimesikia maelezo mengi: kwamba moyo wa mmoja ulikuwa umejaa damu wakati ule na wa mwingine umeshaisukuma, kwamba mmoja alikuwa ametulia na mwingine ameshashtuka, kwamba wimbi la shinikizo hupita kwenye nyama likafika kwenye mishipa ya fahamu. Kila maelezo niliyaamini kwa msimu mmoja au miwili, kisha akatokea kulungu wa kuyavunja. Nilichobaki nacho ni kwamba namwambia kila mwindaji ajiandae kufuata damu, hata kama amepiga vizuri kabisa. Anayekuahidi risasi itakayomlaza mnyama kila mara hajafungua vifua vya kutosha.

Nadhani watu wangeacha kubishana kuhusu ganda kama wangetumia nusu ya muda huo kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti kuhusu kichwa. Hapo ndipo tofauti inapoonekana kwenye nyama. Kichwa laini, chenye madini ya risasi ndani na koti jembamba la shaba nje, hufunguka haraka, yaani huchanua ndani ya nyama, hufaa sana kwa mwili mdogo na umbali wa kati, lakini kikigonga mfupa wa bega kwa karibu huweza kusambaratika na kuharibu nyama nyingi. Kichwa kilichounganishwa, yaani kile ambacho koti lake la shaba limeshikana na madini ya risasi ya ndani, hufunguka na kubaki na sehemu kubwa ya uzito wake, kikapita mpaka upande wa pili. Tundu la kutokea ni rafiki yako, maana ndilo linalodondosha damu ya kufuata. Kichwa kilichofunikwa koti zima, kile cha kijeshi, usikitumie kwa kulungu kabisa: hupita kama sindano, na sehemu nyingi sheria imekikataza.

Halafu kuna kichwa cha shaba tupu, na hiki kinahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu watu wanakinunua wakifikiri ni kama vile vingine. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu. Pia ni ngumu kufunguka, na vingi vinataka mwendo wa takriban mita 600 kwa sekunde vinapofika kwa mnyama ndipo vichanue vizuri. Kwa hiyo kwenye shaba shuka uzito ili upate mwendo: greini 130 hadi 150 zinatosha kwa kulungu katika risasi zote mbili, na mpaka mita 300 zote bado ziko juu ya kiwango hicho. Mtu anayepachika shaba ya greini 180 kwa kudhani uzito ni usalama anajitengenezea kichwa kisichofunguka. Na kuna sehemu hutachagua: California imepiga marufuku risasi za madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa sababu vipande vinavyobaki kwenye matumbo ya wanyama huwaua ndege wanaokula mizoga.

Kuhusu nguvu inayotosha, hapa sina la kuongeza ila mfano mmoja. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani inadai jouli 2,000 kwenye mita 100 kwa kulungu wakubwa, na 1,000 kwa wale wadogo kabisa. 308 ya greini 150 bado ina karibu jouli 3,000 kwenye umbali huo.

Gharama ya ganda refu mtu huilipa begani. 30-06 huchoma baruti zaidi kwa karibu moja ya tano, na kwenye bunduki za uzito sawa nguvu ya teke huongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa asilimia 3 za mwendo! Mwanamume hatakubali kwamba teke linamsumbua, lakini mwili wake unakubali: jicho linafumba, bega linasukuma mbele, kidole kinavuta ghafla, na mdomo wa mtutu unashuka kabla baruti haijawaka. Kushtuka huko ndiko kunakohamisha tundu kutoka kwenye mapafu hadi tumboni.

Je, 30-06 haina mahali pake? Inapo. Ukitaka vichwa vizito vya greini 200 na 220 kwa wanyama wakubwa, ganda lake lina nafasi ambayo 308 haina, na hapo mimi mwenyewe huichagua bila kusita. Kama unayo tayari na unaipiga vizuri, baki nayo. 308 inakupa boliti fupi (kile chuma unachokivuta kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu), bunduki nyepesi kidogo na uvumilivu zaidi kwa mtutu mfupi. Anayeanza leo na nia yake ni kulungu, namshauri 308, na sababu yangu kubwa ni hilo bega.

Onyo moja kwa walio na zote mbili nyumbani: usiweke risasi zake mfuko mmoja. Kichwa ni kimoja lakini ganda silo, na 308 ikilazimishwa kwenye chemba ya 30-06, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ganda linaweza kupasuka na kutema gesi usoni mwako. Soma maandishi kwenye kitako cha ganda kila unapojaza.

Yule mteja nilimpeleka kiwanjani na bunduki yake. Nilimjazia mimi mwenyewe, bila yeye kuona, risasi halisi zikiwa zimechanganywa na bandia. Risasi mbili za kwanza zilikuwa halisi, zikatua kulia chini. Ya tatu ilikuwa bandia. Boliti ikalia "taka", hakuna mlipuko, na mdomo wa mtutu ukazama kama vidole vinne hivi mbele ya macho yetu sote. Hakusema kitu. Akafungua boliti, akaitazama ile risasi bandia mkononi, akaniomba nijaze tena.

Tumekubaliana Jumamosi nne za mazoezi. Bunduki bado ni yake.