Uliza kwanza ndani ya kamera mlikuwa na nini

Mwezi uliopita mzee mmoja aliingia dukani kwangu na mfuko wa DVD alizoletewa na mwanawe kutoka Leicester. Kazi yangu ni kuhamisha kanda za video za watu, harusi na maulidi za miaka ya themanini, kwenda kwenye flashi, lakini mtaa mzima unajua nina ugonjwa wa filamu za zamani za Waingereza.

"Mwanangu, zimekufa zote hizi? Deki inazitema."

Nilimwamkia, nikazigeuzageuza. Hazikuwa na hata mkwaruzo. Nyuma ya kila kasha palichorwa kijidunia chenye namba 2 tumboni. Wenye DVD waliigawa dunia mafungu: Uingereza fungu la 2, pamoja na Mashariki ya Kati (ndugu zetu wa Muscat hawana taabu hii), na sisi Afrika Mashariki tukatiwa fungu la 5 pamoja na India na Urusi. Deki ambayo haijafunguliwa isome mafungu yote haisomi diski ya fungu jingine. Kwenye Blu-ray, diski zilizoifuata DVD zenye picha kali zaidi, tuliponea: humo sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika yote ni herufi B, kwa hiyo diski ya London inacheza Tanga bila ubishi.

"Basi niagize Blu-ray peke yake?"

Hapo nikavuta kiti. Jibu la swali hilo halimo kwenye diski, limo kwenye kile walichokipakia kwenye kamera siku ya kurekodi.

Chukua The Avengers. Si wale wa Marvel. Hawa ni wa John Steed, mwavuli mkononi, akiigizwa na Patrick Macnee. Tamthilia ilianza 1961, studio, kwa picha ya mistari 405 tu, ndiyo televisheni ya Uingereza ya wakati ule. Kanda za video zilikuwa ghali, zikifutwa na kurekodiwa tena, na vipindi vingine vilirushwa moja kwa moja. Kati ya vipindi 26 vya mwaka ule, vilivyobaki vizima ni 3, na kipande cha kile cha kwanza. Vya mwigizaji Honor Blackman, vilivyofuata hadi 1964, tunavyo kwa sababu kamera ya filamu iliwekwa mbele ya skrini ikapiga picha ya picha. Hakuna diski itakayoviponya. Nyuso zina ukungu, taa zinaacha mkia, na mara mojamoja mwigizaji anajikwaa kwenye maneno na hakuna wa kusema turudie.

Mwaka 1965 wakalenga soko la Marekani, na huko walitaka filamu, utepe wa sinema, si kanda ya video. Wakahamia studio za Elstree na filamu ya milimita 35, Diana Rigg akaingia kama Emma Peel. Filamu haina mistari. Ina chembechembe, ndogo kiasi kwamba hata Blu-ray yenye mistari 1080 haijaimaliza. Nikisimamisha picha naona ufumaji wa koti la Steed. Ni tamthilia ileile, mwaka mmoja au miwili tu imepita, lakini utadhani thelathini.

Ndiyo maana harusi ya 1986 niliyoisafisha juzi ina chenga kuliko kipindi cha 1965. Wateja hudhani nimewaharibia mimi.

Tamthilia nyingi za BBC za miaka ya sabini zilichanganya. Mpelelezi yuko ofisini, picha laini ya kanda. Anafungua mlango atoke nje, na ghafla umeingia kwenye filamu, rangi nyingine, mwendo mwingine. Hizo nunua DVD, usiongeze hela. Lakini Tinker Tailor Soldier Spy ya 1979, aliyoigiza Alec Guinness, yote ni filamu ya milimita 16, na Blu-ray yake inalipa. Angalia tu isije ikawa imesuguliwa: wapo wanaodhani chembechembe ni uchafu, wanazifuta kwa kompyuta hadi uso wa mtu unabaki nta ya mshumaa.

Halafu kuna mwendo. Filamu ya sinema hukimbia picha 24 kwa sekunde, na Blu-ray kwa kawaida huiacha hivyo; DVD ya Uingereza ni 25, na njia rahisi ya kuzilinganisha ni kuikimbiza filamu. The Third Man ya 1949, dakika 104, inakwisha kwa dakika 100 bila kukatwa kitu. Sauti nayo mara nyingi inapanda juu kidogo, haifiki nusu toni. Wengi hawasikii.

Mzee alisikia. Ujanani alipiga kanuni, ile ala ya nyuzi, kwenye taarabu, na muziki wa filamu ile wote ni Anton Karas na zither yake, ala ya ukoo mmoja na kanuni. Nilimwekea DVD kwenye deki yangu iliyofunguliwa, kisha Blu-ray, palepale mwanzo, majina yanapita na nyuzi zinatikisika zenyewe. Akafumba macho.

"Ile ya kwanza imekazwa mno," akasema, vidole vikizunguka hewani kama anayelegeza kigingi. "Nifungulie deki. Na hii ya pili niagizie."